Kwa Hawa, Aliyekuwa Macho

Garsen, Februari 1999

Makomredi wangu wa soko la maziwa, mlioketi mbele yangu na vibuyu vilivyokwisha kumiminwa. Na wewe, dada yangu mpendwa Hawa, uliye mbali huko Bangale, ambaye barua hii ni yako kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote:

Nakusalimu, na ninawasalimu walio nyumbani mwako. Sisi hatujambo. Ninaisoma barua hii kwa sauti hapa sokoni kwanza, kisha nitaikunja na kumkabidhi dereva wa lori la ng'ombe anayerudi kwenu kesho. Nilikusudia kukuandikia faraghani, lakini Mama Kuresha, ambaye kwa umri ni mama yetu sote na kwa maziwa hana mpinzani Garsen nzima, amekataa. Amesema, "Barua ya siri ni ya wachumba. Hawa iko yetu yote. Soma."

Basi nasoma. Na nimeanza na neno "komredi" kwa makusudi, kwa sababu najua unatabasamu. Unakumbuka siku uliponiuliza maana yake? Nilikueleza kwa muda mrefu sana: habari za wanyonge, za umoja, za mapambano yasiyo na mipaka, na jinsi sisi wanafunzi wa chuo kikuu tunavyoitana hivyo tunapoandamana. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukatikisa kibuyu chako kuona kama maziwa yamebaki, ukasema, "Basi ni jirani." Tangu siku hiyo sijapata tafsiri iliyo bora zaidi.

Hawa, nataka nianze mbali. Nataka wenzetu wajue kwamba mimi na wewe tulikalia dawati moja, Mpokomo wa Golbanti na Muorma wa kijiji cha ng'ambo, kwa miaka sita mizima. Kila asubuhi mwalimu alikuita wewe uandike tarehe ubaoni, kwa sababu hapakuwa na mtoto mwenye mwandiko kama wako. Herufi zako zilisimama wima, moja baada ya nyingine, kama zimepimwa kwa rula. Zangu zilianguka. Mwalimu aliwahi kushika daftari langu juu darasa zima lione, akasema, "Huyu Rebeka anaandika kama kuku anayetafuta chakula," na wewe ukacheka kuliko wote, halafu wakati wa mapumziko ukanishika mkono na kunionyesha namna ya kuishika kalamu. Mwaka uliofuata mimi nilipelekwa shule ya bweni. Wewe uliolewa. Nilipoambiwa, nilikasirika hasira ambayo nadhani haijaisha hadi leo, ila sasa nimejifunza kuipa kazi.

Kisha zikaja mvua zile kubwa, na mto ukaacha kuwa mto. Mimi nilikuwa nyumbani kwa kuwa chuo kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo. Nakumbuka asubuhi ile kwa uwazi unaoniumiza: mjomba wangu akiusukuma mtumbwi kwa upondo juu ya kile kilichokuwa shamba letu la mpunga, wewe umelala kwenye mkeka katikati, kichwa chako mapajani mwangu, uchungu ukiwa umeingia siku ya pili. Mumeo Barisa alikuwa ameondoka na ng'ombe majuma mengi kabla, kwenda nyikani kwenye ardhi iliyoinuka, yeye na ndugu zake wote wa kiume, kama wafanyavyo watu wenu kila maji yanapopanda. Hakufanya kosa. Ng'ombe wangekufa. Kijijini mlibaki wanawake, wazee na watoto, na maji yakawatawanya kila mtu upande wake.

Tulipofika hospitalini, hospitali ambayo sitaitaja kwa kuwa leo haistahili tena kusemwa vibaya, sista alikuangalia mara moja tu akajua. Alisema mtoto amekwama na ni lazima upasuliwe upesi. Akaleta fomu ya idhini.

"Mume wake yuko wapi?"

"Yuko na ng'ombe, nyikani."

"Kaka wa mume?"

"Wako pamoja."

"Basi mtafuteni mwanamume yeyote wa ukoo atie sahihi. Bila hiyo daktari hashiki kisu."

Na mimi, Hawa, mimi niliyesimama juu ya meza za bwalo la chuo kuhutubia mamia ya wanafunzi juu ya ukombozi wa mwanamke, nilifanya nini? Nilikimbia. Nilitoka nje nikaenda kwenye kile kipande cha ardhi kikavu walikokuwa wamekusanyika watu waliokimbia maji, nikaanza kumtafuta mwanamume. Nilimwendea mmoja, akasema ukoo wake si huo. Nilimwendea mwingine, mzee, akasema hawezi kuingilia nyumba ya mtu asiyemjua. Nilizunguka hadi alasiri, nguo zimenishika mwili kwa maji, nikimtafuta mwenye ndevu mmoja wa kuruhusu wewe uishi. Hatimaye nilirudi, nikaichukua ile fomu, nikatia sahihi mimi mwenyewe. Niliandika "Barisa", na mwandiko wangu mbaya kwa mara ya kwanza ukanifaa, kwa sababu ulionekana kama wa mwanamume. Sista aliitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akageukia dirisha. Namshukuru kwa kugeuka kule.

Wewe uliokoka. Binti yako hakuvuta pumzi. Wanawake mlio hapa mnajua kwamba hakuna sentensi ninayoweza kuiongeza hapo.

Mama yangu alikupokea Golbanti, ukalala chumbani mwangu mpaka kidonda kilipofunga. Siku moja, nadhani ulikuwa umeanza kuketi mwenyewe, nilikusimulia jinsi nilivyoidanganya hospitali. Nakiri kwamba nilisimulia kwa fahari. Nilitarajia unishukuru. Badala yake ukauliza:

"Rebeka, wakati huo wote mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kitandani."

"Nilikuwa nimezimia?"

"Hapana."

"Nilikuwa macho," ukasema. "Nilikuwa nawasikia mkimtafuta Barisa. Barisa hajui kuandika. Vibali vyake vya kuhamisha ng'ombe ninamsomea mimi, na panapotakiwa jina ninaliandika mimi. Na wewe unajua mwandiko wangu. Mbona hamkuniletea kalamu?"

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo nikilitafuta jibu la swali hilo. Sista hakukuuliza kwa sababu kanuni ya pale ilimkataza. Mimi hapakuwa na kanuni iliyonikataza. Nilikuruka kwa sababu hata kichwani mwangu, chini ya hotuba zote zile, mwenye kuulizwa alikuwa mtu mwingine. Nawaambia makomredi jambo hili hadharani ili asiwepo hapa anayedhani kwamba elimu ya chuo ni dawa ya ugonjwa huu. Kazi yetu yote ilizaliwa katika swali lako, wala haikuzaliwa katika hotuba yangu yoyote.

Naona wengine wanacheka tayari. Wanajua ninakoelekea. Ninaelekea kwenye ule mkutano wangu wa kwanza.

Unakumbuka? Nilikwenda kwa chifu, nikaomba baraza, nikapewa. Niliandika hotuba kurasa tisa. Kwa kutaka heshima ya shughuli, niliwaalika wazee wote wa vijiji, wa Kiorma na wa Kipokomo, nikawapangia viti vya mbele. Wanawake wakaja wengi sana, mkaketi nyuma juu ya mikeka. Nikanguruma. Nilisema habari za uzazi, za damu, za haki ya mwanamke kuamua lini azae na azae wapi. Kisha nikasema kwa sauti kuu, "Sasa zungumzeni wenyewe, msiogope." Hakuna aliyefungua kinywa. Mlijifunika kwa mitandio mpaka puani. Niliuliza tena. Mzee mmoja akakohoa, chifu akatazama saa, na baraza likavunjika. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba wanawake wa Tana wameshindwa na hofu, kwamba minyororo yao imeingia ndani ya mifupa. Nilikuwa na maneno mazuri sana siku ile.

Wewe ulikuja kesho yake, unacheka mpaka unashika kovu.

"Umemweka baba mkwe wangu kiti cha mbele kabisa," ukasema. "Pembeni yake umemweka baba mkwe wa Mama Kuresha, yule mzee ambaye, kwa adabu ya ukwe, yeye hata jina lake halitamki. Halafu unataka tusimame nyuma ya migongo yao tuseme habari ya matumbo yetu. Wewe ungesema?"

Nikajitetea kwamba ni desturi ya kikoloni, ama ya kimwinyi, sikumbuki vizuri niliiita nini.

"Ni adabu," ukasema. "Mama yako Golbanti anaweza kusema habari hizo mbele ya baba wa mume wake? Hatukuogopa, Rebeka. Tulikuwa tunaona haya kwa niaba yako."

Hapo ndipo uliponileta hapa. Ulinieleza jambo ambalo nilikuwa nalipita kila siku bila kuliona: kwamba kila asubuhi wanawake wa Kiorma wanateremka na maziwa yao yenye harufu ya moshi, wanawake wa Kipokomo wanakuja na ndizi na maembe, wanabadilishana na kuuza, na maziwa yakishakwisha, kabla ya jua kuwa kali, kuna saa moja ambayo hakuna baba mkwe wala mume wala mwana anayekanyaga mahali hapa, kwa sababu mwanamume akionekana akizubaa penye vibuyu atachekwa. Saa hiyo mnasuka mikeka, mnakosha vibuyu, na mnasema. Mlikuwa mnasema tangu zamani. Mkutano ulikuwepo, aliyekosekana ni mimi.

Siku ya kwanza nilikuja na kurasa zangu tisa. Mama Kuresha alizitazama akaniambia, "Hii weka chini ya kibuyu, chini iko na maji." Nikaziweka. Zikalowa. Nikakaa chini.

Nilichokisikia saa ile sikukisikia katika ukumbi wowote wa Nairobi. Nilisikia juu ya mwanamke aliyengojea sahihi mpaka hakuihitaji tena. Nilisikia juu ya aliyekimbia hospitali akazalia njiani kwa kuogopa fomu. Na nilipotoa yale mabango yangu ya uzazi wa mpango, yenye picha ya mama mwenye watoto wawili na viatu vinavyong'aa, ni wewe uliyeyashika, ukayasoma taratibu kwa sauti, ukaniambia maneno ambayo nimeyaandika ndani ya jalada la kila daftari langu: "Wote wanaokuja hapa wanatuambia tusizae. Mimi nataka kuzaa, na nataka kuwa hai baada ya kuzaa. Na yule asiyetaka, asizae. Bango la hivyo unalo?" Sikuwa nalo. Tulilitengeneza wenyewe, na wewe ndiye uliyeliandika.

Sitasahau siku tuliyokwenda kwa daktari mkuu. Tulikuwa kumi na wanne. Alitupokea vizuri, hilo niseme, akamtafutia Mama Kuresha kiti. Nilizungumza mimi, na nilizungumza vyema, nikamthibitishia kwamba mtu mzima mwenye akili zake huidhinisha mwili wake mwenyewe. Daktari akasema analijua hilo, lakini ile ni njia waliyoizoea ya kujikinga. "Siku mume atakapokuja hapa na fimbo kuuliza nani kampasua mke wake," akasema, "nyinyi mtakuwa wapi?"

"Hapo mlangoni," akasema Mama Kuresha.

"Mama, mlangoni kila siku?"

"Maziwa naleta kila siku. Mlango pia naweza." Kisha akanyoosha kidole chake gumba, kile kilichokunjamana kwa miaka ya kukamua, akakiweka juu ya meza ya daktari. "Ng'ombe iko ya bwana. Nyumba nimejenga mimi, iko yangu. Tumbo iko ndani ya nyumba. Wewe leta wino."

Hata karani aliyekuwa anajifanya hasikii alicheka. Lakini daktari alibaki na shaka, na hapo ndipo mumeo Barisa, ambaye alikuwa amerudi kutoka malishoni na kutusindikiza bila kualikwa, akaomba kuingia. Alisimama pale akiwa na vumbi la safari. Nilijiandaa kumjibu kabla hajasema. Akasema tu, "Daktari, usiningoje mimi. Mimi niko na ng'ombe." Akatoka.

Nitakuambia ukweli: nilikasirika. Maneno machache ya mwanamume yalimsogeza daktari kuliko hoja zangu zote. Tulipokuwa njiani nikaanza kulalamika, na wewe ukanikata kauli: "Mlango umefunguka. Ingia. Ugomvi wa nani kaufungua tutaufanyia ndani, tumekaa." Nimekuwa nikifikiri juu ya maneno hayo. Siku hizi, nikiwa kwenye mikutano ya wanafunzi ambako tunaweza kukesha tukibishana nani ana haki ya kuongoza maandamano, huwa nayasema. Hawanielewi, lakini hunyamaza.

Majuma machache baadaye mlihama. Barisa alipeleka mifugo kaskazini, na nyumba yako ya fito na mikeka, uliyoijenga mwenyewe, ikafunguliwa ikapakiwa. Kwa hiyo kuna jambo ulilolipigania ambalo hukuliona kwa macho, na ndilo ninalotaka kukupa sasa. Karatasi iko ukutani. Imebandikwa kando ya mlango wa wadi ya wazazi, imepigwa muhuri, na inasema kwamba mwanamke mtu mzima anayejifahamu ataulizwa yeye mwenyewe, na sahihi yake au alama ya kidole chake yatosha. Wasiojua kusoma husomewa, kwa Kipokomo au kwa Kiorma. Wenzetu wanapeana zamu ya kufanya hivyo. Mwezi uliopita msichana mmoja wa Golbanti aliweka kidole chake kwenye fomu. Nilikuwepo. Sista alimuuliza, "Unakubali?" naye akajibu kwa ukali, kwa maana alikuwa na uchungu, "Si nimeshasema?" Mtoto wake analia sana, majirani wanalalamika. Ni kelele tamu kuliko zote nilizowahi kuzisikia.

Sasa, Hawa, nifike kwenye kiini.

Dereva wa lori ametuletea habari kwamba una mimba, na kwamba ukihesabu vizuri utajifungua mvua za masika zikiwa zimeanza. Tulifurahi, na papo hapo tukaanza kuogopa, kwa sababu kila mmoja hapa anajua una kovu la kisu, na sista ametuambia wazi kwamba mwenye kovu kama lako asizalie mbali na chumba cha upasuaji. Kila mmoja anajua pia ile barabara inavyokuwa tope likiingia. Likishaingia, hakuna lori litakalokutoa Bangale. Barisa atakuwa malishoni. Na huko hatuna karatasi ukutani bado.

Nilipopata habari hizi, nilianza kufanya nilichozoea. Nilipanga. Nilisema Hawa ataletwa kabla ya mwisho wa Machi, atalala kwa Mama Kuresha karibu na hospitali, lori litamngoja. Nilikuwa nimeshamtafuta dereva na kumweleza siku. Ndipo mmoja wa wanawake hawa akauliza kwa upole, huku akiendelea kukosha kibuyu chake, "Yeye amesemaje?"

Nilisikia aibu, kisha nikasikia furaha kubwa. Ikiwa swali lako sasa linaulizwa na watu ambao hawakuwepo chumbani mwangu siku ile, basi haliwezi kufa tena, hata mimi na wewe tukiondoka.

Kwa hiyo sikupangii. Nakueleza yaliyopo, nawe uamue. Kitanda kwa Mama Kuresha kipo, na ameapa hatakusumbua kwa hadithi zaidi ya mbili kwa siku. Nafasi ya mbele kwenye lori ipo, dereva ni mtu mzima mwenye adabu na mke wake atasafiri pamoja nawe. Mama yangu atakuja kutoka Golbanti kukukanda. Mimi nitaomba ruhusa chuoni, na wasiponipa nitakuja bila ruhusa, kama ilivyo kawaida yangu. Ninaogopa, Hawa. Nataka uje, na sitakuficha hilo. Lakini huenda unayo sababu ya kubaki ambayo sisi huku hatuijui: mkunga unayemwamini, mama mkwe mgonjwa, au moyo wako tu. Ukibaki, tutaleta huko tunachoweza kukileta kabla ya tope, na tutamtafuta yeyote Bangale wa kusimama nawe mlangoni. Ukija, tutakungoja kituoni.

Nakuuliza wewe. Unataka kujifungulia wapi?

Andika jibu kwa mkono wako, umpe dereva. Atakuwa hapa Garsen Jumatano ijayo asubuhi.

Makomredi, mmesikia. Mkutano wetu ujao ni Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, maziwa yakishakwisha, papa hapa. Ajenda ni moja: kusoma jibu la Hawa, na kufanya atakalosema.

Nakukumbatia na kukuaga, ndugu yangu,

Dada yako,
Rebeka